Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa vibali vya majengo: mkaguzi aione nyumba kabla ya muhuri

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: VIBALI VYA KUBOMOA KUTOLEWA BILA NYUMBA KUKAGULIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wahandisi, wasimamizi na mafundi wa kazi za kubomoa nyumba. Barua za kawaida tumekwisha kukuandikia, na kila mara tulichopata ni nakala yenye muhuri wa "imepokelewa". Safari hii tunaandika hadharani, kwa sababu wiki iliyopita ukuta wa ubavuni wa nyumba ya ghorofa moja iliyokuwa ikibomolewa uliangukia upande wa jirani, juu ya njia wanayopita watoto kwenda shule. Hakuna aliyekufa kwa kuwa ulianguka usiku. Kibali cha kazi ile kilikuwa na sahihi zote na mihuri yote. Kilichokosekana ni mtu wa ofisi yako aliyewahi kuiona nyumba yenyewe kwa macho.

Ukuta ule una sababu ya kuanguka, na sababu yenyewe inajulikana na kila fundi. Ukuta wa ubavuni, wenye pembetatu juu, unashikwa kichwani na kenchi na mbao za paa. Paa likishaondolewa, zinabaki tofali zilizopangana, unene wa sentimita 15 au 20, zikipanda mita 6 au 7 bila kitu cha kuziegemeza. Upepo wa kawaida unatosha. Kwa hiyo siku paa linapotoka, pembetatu ile nayo inashushwa siku hiyohiyo, tofali kwa tofali kuanzia juu, au ukuta unaegemezwa kwa miti imara kabla watu hawajaondoka jioni. Ukuta wa namna hiyo hauachwi peke yake usiku kucha. Mkaguzi aliyesimama mbele ya nyumba akiwa na mpango wa kazi mkononi angeuliza: paa likitoka leo, huu utashikwa na nini? Mpango uliokuwa kwenye faili ulitaja "kubomoa kuanzia juu kwenda chini". Sentensi hiyo ni sahihi, na haikuusaidia ukuta.

Kwa nini mkaguzi haji? Tunavyoona sisi, ni kwa sababu kibali cha kubomoa kinahesabiwa kuwa kiambatisho cha kibali cha kujenga. Ramani ya nyumba mpya inachunguzwa mstari kwa mstari, na nyumba ya zamani inaandikwa "itaondolewa". Lakini inayoweza kuua mtu mwezi huu ni ya zamani. Ya kujenga ina ramani, ina hesabu za nondo, ina mhandisi aliyesaini. Ya kubomoa mara nyingi haina hata mchoro mmoja, imeongezwa vyumba na watu watatu tofauti, na hakuna anayejua ukuta upi unabeba na upi ni wa kugawa vyumba tu mpaka mtu aingie ndani, agonge plasta, apande darini.

Halafu kuna mpangilio wa karatasi zenyewe. Ombi halipokelewi mpaka ziwepo barua za kuthibitisha kuwa umeme, maji na gesi vimekatwa. Kukata ni lazima, na tungependa kukatwe vizuri zaidi: umeme ukatwe kwenye nguzo, kwa sababu ukishusha swichi kuu tu, waya kutoka nguzoni hadi kwenye mita bado una moto. Maji nayo yafungwe kwenye bomba kuu nje ya kiwanja, ili bomba litakalovunjika chini ya sakafu lisiloweshe udongo ulioshika msingi wa jirani. Ubaya ni kwamba barua hizo zinatakiwa mwanzo kabisa, kisha faili linakaa. Kuanzia siku umeme unapokatwa, nyumba haina mtu. Wezi wanaanza na nyaya, wanahamia kwenye mabomba na madirisha, wanamalizia na mabati na mbao za paa. Wengine wanachimbua nondo. Kibali kinapotoka, nyumba iliyoidhinishwa siyo tena nyumba iliyopo: kuta zimebaki bila paa, lenta zimetobolewa, ngazi inaning'inia. Na mpango wa kazi ni uleule wa zamani, kwa kuwa aliyeusaini hakurudi kutazama na aliyeupitisha hakuwahi kwenda. Ucheleweshaji wa ofisi, Mheshimiwa, unaongeza hatari ileile ambayo kibali kiliwekwa ili kuizuia.

Tuseme kuhusu asbestosi, yale madini ya nyuzi yaliyochanganywa kwenye vifaa vya ujenzi vya zamani, maana hapa hasira yetu ni kubwa. Fomu ina mstari mmoja unaouliza kama nyumba ina asbestosi, na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Mwenye nyumba anaweka alama kwenye hapana. Hajui, au anajua kuwa ndiyo itamchelewesha. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kuwa aina zote za asbestosi husababisha saratani. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, na aliyezivuta leo anaweza kuanza kuugua baada ya miaka 20, 30 au 40, wakati hakuna anayekumbuka jina la kazi ile. Tena haipo kwenye shiti za paa peke yake. Ipo kwenye bodi ngumu za dari, kwenye mabomba ya kijivu ya maji machafu, kwenye vigae vya zamani vya plastiki vya sakafuni na gundi iliyovishika, kwenye vifuniko vya mabomba ya maji moto. Kisanduku cha fomu hakiwezi kuyaona hayo. Anayeyaona ni mtu aliyeingia chumba kwa chumba, akachukua vipande na kuvipeleka maabara.

Kuiondoa siyo siri. Inatoka kwanza, kabla mashine haijagusa jengo. Shiti ya asbestosi inapuliziwa maji yenye sabuni kidogo mpaka ilowe pande zote, bolti zinafunguliwa au zinakatwa kwa koleo, shiti inashushwa nzima kwa mikono. Haitupwi chini, haipigwi nyundo, haikatwi kwa msumeno wa umeme, na chini hapafagiliwi pakavu. Inafungwa kwa nailoni nene tabaka mbili, inabandikwa alama, inapelekwa kwenye dampo lililoruhusiwa kupokea taka hizo. Anayefanya kazi hiyo anavaa suti ya kutupwa na barakoa ya chujio la P3, linalozuia vumbi laini kabisa, iliyobana usoni. Mwenye ndevu barakoa haimbani, hewa inapita pembeni. Sasa linganisha na yanayotokea pasipokuwa na ukaguzi: mashine ya kijiko inasukuma paa ndani ya nyumba, shiti zinavunjika vipande elfu, zinachanganyika na tofali. Kuanzia hapo lundo lote ni taka ya asbestosi, kwa kuwa hakuna anayeweza kulichambua. Nalo linakwenda kufukia mashimo ya barabara za mitaa.

Jambo jingine ambalo karatasi haiwezi kulionyesha ni roshani. Roshani inayotokeza nje bila nguzo inashikiliwa na mkia wake ulioingia ndani, ukikandamizwa na ukuta uliojengwa juu yake. Kibarua akiushusha ukuta ule kutoka juu, kama alivyoambiwa, anaondoa uzito unaoizuia roshani isipinduke. Inakwenda chini na aliyesimama juu yake. Dawa ni kuiegemeza kutoka chini kwanza, au kuikata yenyewe kabla ya ukuta wa juu. Anayeiona nyumba anaijua shida hii kwa dakika moja.

Na kifusi. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Kifusi cha tofali na zege kina tani 1.2 hadi 1.6 kwa mita ya ujazo. Kikilundikana sentimita 30 tu, chini ya goti la mtu mzima, hiyo ni kilo 360 hadi 480 kwa mita ya mraba, karibu mara mbili ya uwezo wa sakafu au zaidi, juu ya zege lenye nondo zilizoanza kutu. Ndiyo maana kifusi kinateremshwa kila siku kwa mfereji au kwa tundu lililozungushiwa uzio, hakiachwi kusubiri lori la Ijumaa. Mara nyingi kinasubiri kwa sababu kibali cha kusafirisha kifusi kinatolewa na idara nyingine, nacho hakijatoka. Hesabu ya malori nayo fomu haiiulizi. Chukua nyumba ya chini: kuta za jumla ya mita 60, urefu wa kwenda juu mita 3, unene sentimita 20, hizo ni mita za ujazo 36. Sakafu ya zege ya mita za mraba 100 kwa sentimita 10 ni 10 nyingine. Msingi weka 11. Jumla 57. Kifusi kikivunjwa kinavimba kwa theluthi hadi nusu, hivyo panga 85. Kwa tipa la mita 7 za ujazo ni safari 13, bila mbao na mabati. Safari 13 zinapita njia gani, zinamwaga wapi? Ombi lisilojibu hilo halijakamilika, na linapitishwa.

Uzio, kofia ngumu, saa za kazi na kumwagia maji vumbi viko kwenye masharti yenu tayari, na ni masharti mazuri. Tungeongeza mawili. Eneo la kukataza watu lisiishie kwenye urefu wa ukuta. Ukuta mzima ukilala unafika umbali sawa na urefu wake, na tofali zinabingirika mbele zaidi, basi wekeni mara moja na nusu ya urefu huo. La pili, nyumba za majirani zipigwe picha zenye tarehe kabla ya kazi, kila ufa upimwe upana na kuwekewa alama, jirani asaini nakala. Pasipo picha, kila ufa ni wa mkandarasi, au si wa yeyote. Shimo la choo pia lisisahaulike: linyonywe, sakafu yake ivunjwe ili maji yapite, lijazwe na kushindiliwa kila sentimita 20. Lililofunikwa kwa mbao na udongo juu litammeza dereva wa mashine au mtoto wa mpangaji wa kesho.

Mheshimiwa, uliahidi mbele ya wadau kuwa idara za majengo, usalama kazini na taka zitakaa meza moja na kutoa jibu moja. Hadi leo ni milango mitatu, na kila mmoja unadai karatasi ya mwenzake kwanza. Uliahidi kuwa muda wa kibali utahesabiwa tangu siku mwombaji anapokabidhiwa. Bado unahesabiwa tangu siku ya sahihi, na mwombaji anapokea kibali kilichokwisha kuliwa nusu. Mashine imekodiwa, vibarua wanadai, basi kazi ya wiki tatu inasukumwa iishe kwa siku tano. Ukuta wa wiki iliyopita tunaamini ulikuwa hivyo hivyo: walikimbizana na tarehe.

Na kila ombi linatozwa ada ya ukaguzi. Risiti inaandikwa hivyo, ada ya ukaguzi. Watu wamelipa. Huo ukaguzi uko wapi?

Tungetaka mkaguzi afike mara tatu: kabla ya sahihi; baada ya umeme, maji, gesi na asbestosi kuondolewa; na kazi inapofika kwenye msingi, hasa ule unaogusana na wa jirani, maana hapo hakuna kuchimba chini ya msingi wake. Tungetaka meza moja. Tungetaka tarehe zihesabiwe kwa haki. Ikiwa watumishi hawatoshi na yote hayawezekani mwaka huu, tupe ile mara ya kwanza peke yake. Mtu mmoja, aingie nyumba moja, apande darini, aangalie paa, roshani, ukuta wa mpakani na shimo la choo, aandike alichokiona na asaini jina lake. Kibali kisitoke bila karatasi hiyo.

Yapo maombi mezani kwako sasa hivi, na nyumba zake zimeshakatwa umeme. Tuma mkaguzi kabla hujalisaini lolote kati yake.

Wako katika kazi,

Wahandisi, wasimamizi na mafundi wa kazi za kubomoa

Nakala: Mkuu wa usalama mahali pa kazi, Mkuu wa idara ya taka ngumu, majirani wa nyumba iliyoanguka ukuta