Risala ya Klabu ya Filamu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuonyesha Filamu Yetu ya Zimwi la Ziwani, Kisumu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo.

Kwa niaba ya Klabu ya Filamu, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Kabla taa hazijazimwa tungependa ujue filamu hii ilivyotengenezwa, kisha tutakuwa na maombi mawili.

Hadithi yenyewe ni fupi. Gugu maji limefunika ghuba, mvuvi anasukuma mtumbwi wake akitafuta njia, na ndani ya gugu mna kitu. Kitu gani? Hapo tulibishana sana. Waliokulia katika ngano za Kijaluo walimtaka zimwi wao, Apul-Apul. Wenzetu kutoka Vihiga na Kakamega walitetea amanani, zimwi wa ngano za Kiluhya. Mwishowe tuliunda zimwi letu wenyewe, la majini, kwa kuwa ziwa ndilo tunaloliona kila siku.

Fedha zilitokana na mandazi tuliyouza wakati wa mapumziko pamoja na michango ya wazazi, ambao tunawashukuru kwa dhati. Kichwa cha zimwi ni magazeti yaliyolowekwa katika uji wa ngano na kuanikwa tabaka kwa tabaka. Mwili ni gunia lililoshonewa gugu maji kavu, lile lile ambalo mafundi wa Dunga husukia vikapu. Meno ni mifupa ya samaki aitwaye mbuta. Akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta iliyokwisha kutolewa minofu, kule Obunga walituchagulia mifupa mirefu kwa mikono yao, na walipoambiwa ni ya nini walicheka, kisha wakatuongezea. Damu ni shira ya sukari, rangi nyekundu ya chakula na kakao kidogo, maana bila kakao ilionekana kama sharubati ya harusini.

Njia hii ina wenyewe waliotutangulia. Mwaka 1968, huko Pittsburgh, Marekani, George Romero na wenzake walitengeneza Night of the Living Dead kwa dola zipatazo 114,000, fedha kidogo mno kwa filamu ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema. Kwa kuwa picha zilikuwa nyeusi na nyeupe, shira ya chokoleti ilitosha kuwa damu. Baadaye msambazaji alibadilisha jina la filamu na ilani ya hakimiliki ikaachwa nje, ndiyo maana leo mtu yeyote anaweza kuionyesha bila kulipia. Hiyo ndiyo iliyokuwa darasa letu.

Usiku ulitusumbua. Kamera ya simu ikiingia gizani, picha hujaa chengachenga. Isitoshe, viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni, na mwalimu wetu mlezi alikataa katakata tusogelee ufuo saa hizo. Alifanya vyema. Kwa hivyo kila usiku utakaouona leo ni mchana: tulipunguza mwanga kwenye kamera, tukaepuka kuonyesha anga, na wakati wa kuhariri tukatia rangi ya samawati.

Lakini, Mheshimiwa, zimwi letu linaishi katika sauti. Lilipotembea lote mbele ya kamera, juani, ulimwona mtu aliyevaa gunia. Tukaamua lionekane vipande vipande: ukucha, jicho, gugu linalotikisika bila upepo. Mengine yote yakaachiwa masikio. Tulikuwa tumesoma kwamba katika Godzilla ya Japani ya mwaka 1954, mtunzi wa muziki Akira Ifukube alipata ngurumo ya dubwana lile kwa glavu ya ngozi iliyopakwa ulimbo na kusuguliwa kwenye nyuzi zilizolegezwa za kontrabasi, ile fidla kubwa ya sauti nzito. Kontrabasi hatuna. Orutu, fidla ya Kijaluo ya uzi mmoja, tunayo! Mwenzetu mmoja aliazima ya babu yake. Tukalegeza uzi wake, tukausugua kwa kipande cha ngozi chenye ulimbo, tukarekodi, kisha tukapunguza mwendo wa sauti hadi nusu, nayo ikashuka oktavo nzima. Tulipoifungulia spika darasani, wanafunzi wa kidato cha kwanza waliokuwa wakifagia nje waliacha mifagio wakakimbia. Mifupa utakayoisikia ikivunjika ni miwa ya Kibos.

Hapo ndipo lilipo ombi letu la kwanza. Simu hunasa upepo na bodaboda pamoja na mwigizaji, hata tukalazimika kurekodi upya maneno ya mvuvi bwenini, mablanketi yakiwa yametundikwa madirishani. Kamera za simu tutaendelea nazo bila kinyongo. Tunachoomba ni kinasa sauti na maikrofoni ya kuelekezea mwigizaji, ili tuandae filamu ya Tamasha za Drama na Filamu tukiwa tumejizatiti.

Ombi la pili linahusu Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayotaka filamu iainishwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Tunakuomba utushike mkono kwa ushauri na ada, ili tuipeleke kwa Bodi ya Kuainisha Filamu, kisha tuionyeshe ufuoni Dunga kwa wavuvi, na Obunga kwa akina mama waliotupa meno.

Mheshimiwa, filamu ni ya dakika 12. Wazazi wenye watoto wadogo tunawaomba wawapakate. Karibu utazame.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Filamu