Saa za msaidizi wa lugha ughaibuni ziandikwe kabla ya safari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu vijana wa Tanga wanaopata nafasi ya kwenda nje kusaidia kufundisha lugha, pamoja na wazazi wao na maofisa wanaowapa ruhusa. Majibu ya maombi mengi hutoka kati ya Aprili na Juni. Miezi hiyo utawakuta kwenye maduka ya steshenari kule Ngamiani wakichapisha barua ya kukubaliwa na kutoa nakala za pasipoti. Wengi husoma ukurasa wa kwanza wenye pongezi, wakaacha kurasa za nyuma. Huko nyuma ndiko kunakoandikwa atafanya kazi saa ngapi, chini ya nani, na hela ya kwanza itaingia lini. Na kama hayakuandikwa, basi ayaulize kabla hajajibu kwamba amekubali.

Nianze na saa, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoumia. Katika Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani wa wasaidizi wa lugha, unaowapeleka walimu vijana kwenye vyuo vya Marekani kwa takriban miezi 9, kazi ya lugha haitakiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, na msaidizi mwenyewe lazima asome angalau kozi mbili kila muhula. Ufaransa, msaidizi katika shule za msingi na sekondari ana saa 12 kwa wiki, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Hispania ni kati ya saa 12 na 16, kutegemea jimbo. Mwalimu aliyezoea darasa la watoto sabini akisikia takwimu hizi huona amepata mapumziko. Asijidanganye. Saa 12 za Ufaransa ni za kuwa na wanafunzi. Maandalizi hayamo.

Tupige hesabu ya Kiswahili. Kipindi cha dakika 50 kwa wanaoanza, mahali ambapo vitabu ni haba, kinataka saa moja hadi moja na nusu ya maandalizi: andalio la somo, mazungumzo mafupi ya kusikiliza, na mifano ya upatanisho wa ngeli iliyotungwa kwa msamiati ambao wanafunzi wameshaupata tu. Ukiwapa wanafunzi 15 zoezi la ukurasa mmoja, kusahihisha kwa dakika 10 kila mmoja ni saa mbili na nusu. Dakika 10 si nyingi. Mwanafunzi aliyeandika "kitabu yangu" na "watoto zangu" hasaidiki kwa mstari mwekundu, anahitaji kuonyeshwa kosa limetoka wapi. Kwa hiyo vipindi vinne kwa wiki, pamoja na zoezi moja, ni kazi ya saa 10 hadi 12. Akipewa vipindi vinane vya madarasa mawili tofauti, saa 20 zimekwisha kabla hajafungua kitabu cha kozi zake. Hapo bado hatujataja meza ya mazungumzo ya jioni, maonyesho ya utamaduni ya Jumamosi, na wanafunzi wanaogonga mlango wiki ya mitihani.

Kwa nini mzigo huongezeka? Kwa sababu Kiswahili ni somo dogo katika taasisi nyingi za nje. Wanafunzi wakiwa wachache, uongozi hauoni sababu ya kuajiri mwalimu kamili, na msimamizi anayetajwa kwenye barua huenda ni mtaalamu wa historia au wa lugha nyingine asiyejua ngeli hata moja. Msaidizi anageuka kuwa mwalimu, mtunzi wa mitihani na mtoa alama, kwa posho ya msaidizi. Hispania kanuni iko wazi: msaidizi hafanyi kazi ya mwalimu wa darasa, humsaidia. Kanuni ya namna hiyo inamlinda pia mwanafunzi. Akikata rufaa kuhusu alama zake, anayejibu awe mtu mwenye mamlaka.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuandika kwa baruapepe, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, ni hili: nani ameandikwa kuwa mwalimu wa somo, na nani anasaini alama? Wakijibu "ni wewe", si lazima akatae. Aombe vipindi vipunguzwe, na majibu yake ayahifadhi. Ahadi ya simu haimsaidii mtu mwezi Novemba.

Jambo la pili ni miezi miwili ya mwanzo. Ufaransa malipo huja mwisho wa mwezi, na huingia benki. Benki inataka uthibitisho wa makazi. Mwenye nyumba naye anataka amana na uthibitisho wa kipato. Msaidizi anajikuta anazungushwa kati ya milango hiyo mitatu huku akiba inakwisha. Hispania malipo huhesabiwa kuwa ruzuku, si mshahara, na kuchelewa kwake kunajulikana. Wako waliosubiri mpaka Desemba. Marekani, anayehitaji namba ya hifadhi ya jamii hushauriwa asubiri kama siku 10 baada ya kuingia ndipo aiombe, ili taarifa zake ziwe zimeshafika kwenye mifumo ya serikali. Aulize basi: tarehe ya malipo ya kwanza ni ipi, kuna malipo ya awali, na atalala wapi usiku wa kwanza? Ndugu zangu wa nyumbani, nanyi mwacheni apumue. Kumdai hela ya bati au ya ada wiki ya tatu ni kumtia kwenye mikopo ugenini.

Kuna wizi pia, na lazima usemwe. Kuomba Fulbright hakuna ada. Fomu ya DS-2019, yaani hati ya kuthibitisha kwamba mgeni amekubaliwa kwenye mpango wa mafunzo, inapotolewa kwa mpango wa serikali ya Marekani huwa na namba ya mpango inayoanza na herufi G, na walio chini ya mipango kama G-1 hawalipi ada ya viza wala ada ya usajili wa wageni wa mafunzo. Wakala anayedai laki tano "za kusukuma viza" hiyo anaiba mchana kweupe. Kijana ajue vilevile kwamba mpango huo haumruhusu kwenda na mwenza au watoto, na kwamba akimaliza atatakiwa kukaa nyumbani miaka miwili kabla ya kuruhusiwa aina fulani za viza za kazi au ukaazi wa kudumu. Ni bora familia ilizungumze hilo mapema.

Mwisho nawageukia maofisa wetu wa halmashauri. Mwalimu wa serikali anahitaji likizo bila malipo na kibali cha kusafiri nje, na barua hizo hupita mikono mingi. Ikilala mezani miezi miwili, mwalimu anabaki kuchagua kati ya kupoteza nafasi na kuondoka kimyakimya. Akiondoka kimyakimya, kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano ni kosa la kufukuzwa, na deni la Bodi ya Mikopo halimsubiri. Naomba barua za namna hii zijibiwe ndani ya wiki mbili, iwe ndiyo au hapana. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Korogwe, nao watunge kiambatisho cha ukurasa mmoja ambacho msaidizi atakipeleka kwa taasisi inayomwalika kitiwe saini: idadi ya vipindi, saa za maandalizi, jina la mwalimu wa somo, tarehe ya malipo ya kwanza, na mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Chumbageni, Tanga