Salehe, usilikate lile pipa

Keko, Dar es Salaam
Ijumaa, 14 Februari 2025

Ndugu yangu Salehe,

Assalaam alaikum. Hapa nyumbani sote wazima, alhamdulillahi, joto tu ndilo linalotutesa. Nisamehe kwa salamu za haraka. Utingo wa basi amesema nisipomkabidhi mzigo huu kabla ya adhuhuri hataupokea, na sina njia nyingine ya kukupata. Simu yako haipatikani tangu Jumatano. Ya shemeji inaita mpaka inakata.

Madhumuni ya barua hii ni yale mapipa. Uliniandikia Jumanne kwamba Jumapili yule kijana wa kuchomelea atakuja na grenda akate mifuniko ya mapipa mawili yaliyoisha ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, ili mama mkwe apate pa kuhifadhia maji kabla ya mfungo. Nilisoma nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo. Salehe, usiyakate. Hata moja. Kama kijana ameshafika, mlipe nauli yake arudi.

Najua utaniambia pipa ni tupu, limekaa juani tangu Desemba, hata harufu halina. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Wewe ulikuwa umehamia Tanga mwezi mmoja tu. Upande wa pili wa ukuta alikuwepo yule fundi mageti mpole, aliyekuwa akija kunywa chai kwetu kila asubuhi, unamkumbuka. Alitaka pipa la kupozea vyuma. Akaniuliza, "Limeisha kweli?" Nikamjibu limeisha siku nyingi, nikalipindua mbele yake, halikutoa hata tone. Nikapokea elfu kumi na tano nikatia mfukoni. Chai yangu ilikuwa haijapoa nikasikia kishindo, nikadhani tairi la lori limepasuka. Mfuniko ulikuwa umeruka ukampiga kifuani na kidevuni, na moto ukampitia usoni. Alilala wodini miezi miwili. Yuko hai, lakini jicho la kushoto halioni na mkono wa kulia haushiki tena nyundo. Kila Idi nampelekea chochote nilichojaliwa, ananipokea vizuri, hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Sikuwahi kukusimulia habari hii yote. Leo imebidi.

Baadaye yule mhandisi anayetuletea rangi alinikalisha chini na karatasi tukapiga hesabu, na hesabu ile sijaisahau. Toluini, ambayo imo kwa wingi katika tina nyingi, inaweza kuwaka hewani mvuke wake ukifika asilimia 1.1. Ukizidi asilimia 7.1 hauwaki, maana hewa imekuwa chache. Pipa letu ni la lita 200. Kufikisha hiyo asilimia 1.1 humo ndani zinatosha mililita kama 10. Vijiko viwili vya chai, Salehe! Hivyo vijiko viwili vinajificha kwenye ule mkunjo wa bati pale mfuniko unapoungana na ubavu, na havitoki hata ukiliinamisha pipa siku nzima. Kisha ongeza joto la kwetu. Kwenye nyuzi 30, pipa lililofungwa likiwa na mabaki mara tano ya hayo, mvuke wake unaweza kupanda hadi karibu asilimia 5, yaani ndani kabisa ya eneo la kulipuka. Lililojaa tina lina hewa kidogo sana ndani. Hili tunaloliita tupu ndilo lenye mvuke na hewa vimeshachanganyika, halidai kitu kingine ila cheche, na grenda kazi yake ni kumwaga cheche.

Usiniambie utalisuuza. Toluini haichanganyiki na maji, inaelea juu yake, na iliyo kwenye mkunjo inabaki pale pale. Na tuseme limekatika salama: hayo ni maji ya mama, ya uji na ya kuswakia. Hapana. Humu kwenye bahasha kuna shilingi elfu themanini. Mtafutie lile pipa la bluu la plastiki lililoletea juisi au mafuta ya kula, ulisuuze vizuri, au uongezee kidogo umnunulie tenki dogo. Usinirudishie hiyo hela, wala tusiijadili. Hayo mawili yazibe vizibo vyake, yatoe nje kivulini, mrudishie aliyekuuzia tina.

Sasa ile picha ya kabati uliyonitumia. Kabati zuri, wallahi, milango imekaa kama imezaliwa pale, na rangi haina hata chozi moja. Ila mimi jicho lilienda nyuma ya kabati. Dumu la tina liko wazi sakafuni, na hatua tano hivi kutoka hapo, mlangoni, jiko la mkaa la mama lishe lina sufuria ya maharage. Nimeikuza ile picha mara ngapi sijui.

Mvuke wa tina hauendi juu kama moshi. Ni mzito mara tatu kuliko hewa. Unashuka, unatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, unaingia kwenye mitaro, unapita chini ya mlango, hauonekani. Ukifika kwenye jiko unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye dumu. Na usitegemee ubaridi wa asubuhi. Toluini inatoa mvuke wa kutosha kuwaka kuanzia nyuzi 4 tu, baridi ya ndani ya friji, na Tanga lini mkapata nyuzi 4? Asetoni, kiyeyushi kingine cha rangi, ni mbaya zaidi, yenyewe inaanzia nyuzi 20 chini ya sifuri. Umeisahau Msamvu ya Morogoro, Agosti 2019? Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa lori la petroli. Petroli na tina tabia yao ni moja.

Kwa hiyo mwambie mama lishe, kwa heshima, ahamie upande wa barabarani, mbali kabisa na mlango. Mlipie hata wiki moja ya usumbufu. Siku za kupuliza rangi fungua madirisha ya pande zote mbili, na asiwepo mtu wa sigara, wa kuchaji simu, wala wa pasi humo ndani. Tina ya siku nzima isizidi kopo moja la chuma lenye mfuniko, nyingine ikae kwenye kibanda cha nje chenye matundu chini na juu. Ukimimina kutoka pipani, mimina polepole kwenye chombo cha chuma, siyo dumu la plastiki, na uunge vyombo vyote viwili kwa waya wa shaba, pipa nalo liungwe na chuma kilichochimbiwa ardhini. Tina ikitiririka inajenga umeme wake yenyewe, kama ule unaokupiga ukivua fulana ya nailoni, na cheche hiyo inatosha.

Moto ukitokea, maji usiguse. Tina itaelea juu ya maji na kuutembeza moto chumba kizima. Mchanga, au mtungi wa poda wa kuzimia moto. Ukiwa mkubwa kuliko mtungi wako tokeni nje wote, kabati tutatengeneza jingine, na upige 114.

Nimesema mengi, na bado jambo langu ni lile pipa. Lakini kwa kuwa nimeshika kalamu, lipo na hili la kijana wako wa kazi kuumwa kichwa kila jioni, na wewe kumnunulia maziwa. Sisi sote tulilelewa na maziwa hayo, fundi mkuu alikuwa akitugawia pakiti moja moja tukiamini yanatoa sumu. Maziwa yanaenda tumboni, Salehe, mvuke unaenda kwenye mapafu na kutoka hapo kwenye damu na ubongo. Kichwa kile kinamwambia hewa haitoshi. Na barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa tu. Nimewawekea humu mbili za mpira, zenye vichujio vya mkaa pande zote. Mkisikia harufu mkiwa mmezivaa, kichujio kimekwisha, tupeni. Mkimaliza kazi mzifunge kwenye mfuko, zikiachwa wazi zinaendelea kunyonya mvuke bure. Na acheni kunawa mikono kwa tina, inapita kwenye ngozi. Mafuta ya kupikia kidogo kisha sabuni, rangi inatoka.

Shemeji naye. Umesema anakaa mezani humo humo akiandika oda za wateja. Mvuke anaouvuta unamfikia na mtoto aliye tumboni. Hamishia meza yake nyumbani leo hii, usingoje ajifungue.

Na tina isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa dakika moja. Watoto wa mtaani kwenu wanaingia na kutoka. Akinywa mtoto msimtapishe, wala msimpe maziwa, maana ikipanda na kuingia kwenye mapafu ndipo inapoua. Mkimbizeni hospitali na mbebe chupa yenyewe daktari aione.

Jua limepanda, lazima niende stendi. Rehema anakusalimu, anauliza kama kweli utakuja kwenye harusi ya Mwanaidi au umeahidi tu. Mguu wa mama mkwe umepona? Kijana wako wa kazi analala wapi usiku, nyumbani kwao au humo bandani na madumu? Mtungi wa poda unao, na mshale wake uko kwenye kijani? Yule aliyekuuzia tina anapokea mapipa matupu, au nimtafute mtu wa huku? Deni la mbao za mninga ulishalimaliza? Na simu yako imekuwaje, imeibiwa au imeingia maji tena?

Hayo utanijibu kwa nafasi yako. Hili moja nijibu usiku huu huu, hata iwe saa nane. Azima simu kwa jirani, piga ya Rehema, sema tu kwamba kijana wa grenda umemzuia. Nitakuwa macho.

Nduguyo,
Hamisi