Ukijaziwa gesi ya AC kila Desemba, tatizo siyo gesi

Kuanzia mwezi wa kumi na moja simu hazikauki hapa karakana kwetu. Kaskazi ikishaanza na joto la Dar likapanda, kila aliyekuwa amezima AC yake tangu Juni anaiwasha, inavuma vizuri, upepo unatoka, ila baridi hamna. Na kwenye simu neno la kwanza karibu siku zote ni lile lile: "Fundi, njoo uniwekee gesi."

Sasa naomba niandike hapa kitu ambacho huwa nakisema nikiwa juu ya ngazi na mteja yupo chini anashika tochi. Gesi ya AC haiishi. Ya jikoni inaisha kwa sababu inaungua, unapika inaisha unabadilisha mtungi. Ya AC haiungui, inazunguka tu mle ndani ya mabomba, inabeba joto la chumbani inalipeleka nje inarudi kuchukua lingine, na kiasi kilichowekwa siku ya kufungwa ndo hicho hicho kinatakiwa kiwepo mpaka siku mashine inashushwa ukutani. Kwa hiyo kama imepungua ujue imevuja, kuna tundu mahali, na fundi anayekujazia bila kutafuta hilo tundu amekuuzia miezi michache ya baridi halafu Desemba inayofuata mnaonana tena.

Mwaka jana mwishoni aliniita mama mmoja Mbezi Beach, mwalimu mstaafu, AC ya sebuleni ya BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) iliyofungwa kama miaka kumi na minne iliyopita. Akaniambia, "Mwanangu, hii itakuwa mara ya nne kuweka gesi, na kila anayekuja ananiambia safari hii itakaa." Nikapanda. Pale bomba la shaba linapoingia kwenye mashine ya nje, kwenye nati, kulikuwa na vumbi jeusi limeganda kwa mafuta, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Hayo mafuta ni ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, yanasafiri pamoja na gesi, kwa hiyo gesi inapotokea yanaacha alama. Nikapaka maji ya sabuni, povu likaanza kuchemka taratibu taratibu. Mafundi watatu walipita hapo hapo, na sabuni ni ya mia mbili.

Lile la nati ni dogo, unakata bomba kidogo, unatanua mdomo upya, unakaza. Kilichonisimamisha ni cha nyuma. Mnajua mashine ya nje ina vile vibati vyembamba vya alumini vilivyopangwa kama kurasa za kitabu? Nilipitisha kidole vikameguka, vikaanguka kama chenga za biskuti. Chumvi hiyo. Mbezi Beach, Kunduchi, Msasani, Kigamboni, ukanda wote ule upepo wa bahari unakula alumini pole pole, na vibati vikishaisha joto halina pa kutokea, kompresa inafanya kazi mchana kutwa kama mtu anakimbia huku amezibwa pua. Na kwenye stika ubavuni aina ya gesi imeandikwa R22.

R22 ndo inabidi nikae nayo kidogo manake wateja wengi hawajawahi kuambiwa. Ni gesi ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 dunia ilikubaliana kuiondoa. Nchi zinazoendelea, na Tanzania tukiwemo, tulipewa muda mrefu zaidi: tunapunguza hatua kwa hatua, 2025 kupunguza zaidi ya theluthi mbili ya kiwango tulichoanzia, na 2030 inabaki kidogo sana kwa ajili ya kuhudumia mashine zilizopo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba kila mwaka R22 ya uhakika inakuwa ngumu zaidi kuipata, na mitungi ya mashaka ndo inajaza nafasi. Halafu wapo wanaokwambia watakuwekea R410A, gesi ya mashine za baadaye, kwenye mashine ya R22, "gesi ni gesi tu bosi." Hapana jamani. R410A ina presha kubwa kuliko R22 kwa kama asilimia 60, na mafuta yake ya kompresa ni ya aina nyingine kabisa. Mashine haikutengenezwa kubeba hiyo presha. Na tafadhali msiangalie rangi ya mtungi, someni maandishi.

Yule mama nikamwambia ukweli, kuziba na kujaza naweza, nitaondoka na hela yako leo, ila hii mashine imefika mwisho na hela utakayoiweka hapa utaitafuta. Akauliza, "Kwa hiyo ninunue mpya?" Nikamwambia ndiyo mama, lakini siyo leo, kaa na feni mpaka hela ikae sawa kuliko kuitoa mara mbili. Akanielewa, akanunua Februari.

Ila sitaki mtu asome hapa aanze kung'oa AC yake. Zipo nyingi ambazo haziko hivo. Kama mashine ya nje inaguna tu mmmm halafu kimya, feni yake haizunguki, mara nyingi ni kapasita, kitu kidogo cha bei ndogo, nusu saa umemaliza. Mjusi akiingia kwenye bodi akaungua na bodi ikaungua naye, unabadilisha bodi. Sisimizi nao wanapenda kweli kujenga pale kwenye kontakta, ile swichi inayowasha kompresa, unasafisha inawaka. Filta imejaa vumbi mpaka imekuwa kama blanketi, hiyo hata hauhitaji fundi, itoe uioshe na maji. Mashine ya miaka mitano sita inayotumia R410A au R32, koili zake (mabomba yenye vile vibati) nzima, tengeneza. Mashine ya R22, miaka kumi na kuendelea, koili imeliwa au kompresa imekufa, hapo ndo nasema badilisha.

Na upande wa umeme piga hesabu mwenyewe. AC ya kawaida ya BTU 12,000 kompresa ikiwa inafanya kazi inakula kama uniti moja kwa saa, ikiwa nzima chumba kikipoa inakata inapumzika, ikiwa inavuja haikati kabisa usiku kucha manake haifikii ile digrii uliyoiweka. Saa tisa ni uniti tisa, ukizidisha kwa shilingi 356 hivi za LUKU na kodi zake ni zaidi ya elfu tatu kwa usiku mmoja, karibu laki kwa mwezi, na bado unaamka umelowa jasho. AC ya inveta haizimi na kuwaka, inapunguza mwendo chumba kikishapoa, kwa anayelala na AC kila siku tofauti anaiona mwenyewe kwenye LUKU. Kwa chumba cha wageni kinachowashwa mara mbili kwa mwaka, sikushauri uongeze hela ya inveta.

Kosa ambalo linaniuma zaidi ni la saizi. Mtu anasema nataka kubwa ipoze haraka, anafunga BTU 24,000 kwenye chumba cha mita nne kwa nne. Inapoza haraka kweli, dakika chache imekata, ila haijapata muda wa kukausha hewa, na Dar unyevu ndo nusu ya shida yetu. Unabaki na baridi inayonata, mashuka kama yameanikwa kwenye mvua. Sisi tunaanzia kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba halafu tunaongeza kulingana na jua la jioni, dari, madirisha, idadi ya watu. Hicho chumba cha nne kwa nne 12,000 inatosha.

Sasa siku ya kufunga. Mashine ya ndani na ya nje zinabadilishwa pamoja, usikubali kufungiwa ya nje mpya na ya ndani ya zamani ya R22, hazielewani. Mabomba pia tunaweka mapya, ya zamani yana mafuta ya zamani ndani. Tukimaliza kuunganisha tunajaza naitrojeni kwa presha tunaangalia kama inashuka, halafu tunafunga pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa yote mle ndani, nusu saa au zaidi. Hii pampu ndo iulizie. Kuna wanaofungua gesi kidogo ipulize hewa itoke, sekunde kumi, wanasema tayari. Hewa na unyevu vinabaki mle ndani, unyevu ukikutana na mafuta yale unatengeneza asidi, na baada ya muda kompresa mpya inakufa na hamna anayejua kwa nini. Ukiwa nyumbani simama uangalie sindano ya geji ishuke chini ya sifuri, fundi azime pampu, na sindano isisogee. Ikipanda, bado kuna tundu, asifungue gesi.

Kwa wa karibu na bahari, ulizia koili iliyopakwa kinga, na kila baada ya miezi mitatu mwagia mashine ya nje maji baridi ya bomba ya kawaida kutoa chumvi, ukiwa umeizima kwenye breka. AC iwe na breka yake peke yake na kifaa cha kuilinda umeme ukipanda na kushuka. Ile ya zamani msimwachie mtu akate bomba gesi itoke fyuuu hewani ili auze shaba, sisi tunaivuta kwenye mtungi kwanza ndo tunashusha.

Ukitaka tukuangalizie, kabla hatujapanga siku tutumie picha ya stika iliyo ubavuni mwa mashine ya nje, picha ya vile vibati vya nyuma, urefu na upana wa chumba, jua linapiga ukuta upi jioni, na mara ya mwisho kujaziwa gesi ilikuwa lini. Hela ya kuja kukagua tunaikata kwenye kazi mkiendelea na sisi, na kama ni kapasita tutakwambia ni kapasita.