Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Kuhusu Korongo Taji wa Ziwa Ol' Bolossat, Kenya

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi ya mwaka huu. Habari za fedha nimemwachia mweka hazina, ambaye atazisoma baada yangu. Mimi nitamzungumzia korongo taji na maji anayoyategemea, kwa kuwa mwaka huu umetuonyesha kwamba kwa muda mrefu tulikuwa tukipima kazi yetu kwa kipimo kisichofaa.

Wengi wenu mmezaliwa kando ya ziwa hili, na ni vigumu kuamini kwamba ndege anayefuata ng'ombe malishoni kila asubuhi, akipigapiga miguu chini ili panzi warukaruke awadonoe, yumo hatarini kutoweka. Hata hivyo, hiyo ndiyo hali. Mwaka 1985 korongo hawa walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 barani Afrika; tangu wakati huo wamepungua kwa zaidi ya nusu, na mwaka 2012 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliwahamishia katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka.

Upungufu huo hauonekani kwa urahisi kwa sababu korongo huishi miaka mingi. Wazima wanaweza kuendelea kukusanyika kwa makundi makubwa katika mashamba ya ngano yaliyovunwa, ilhali mabwawani hakuna kinda anayekua. Kila mwaka tumewahesabu jioni wanapotua mitini kulala, na idadi ikiwa kubwa tumefurahi. Kosa hilo ni la kamati yangu, nami nalikubali mbele yenu: tulihesabu vichwa tukasahau kuuliza ni wangapi kati yao waliozaliwa mwaka huu.

Kwa hiyo tuliamua kufuatilia viota. Jike na dume hulaza ndago na matete katikati ya maji ya kina kifupi, wakatengeneza jukwaa ambalo kutoka ukingoni halionekani. Jike hutaga mayai mawili au matatu, mara nyingine manne, na wazazi wote wawili hupokezana kuyaatamia kwa siku 28 hadi 31. Makinda hutembea mapema sana baada ya kuanguliwa na huwafuata wazazi wao ndani ya matete, lakini huhitaji takriban miezi mitatu kabla ya kuweza kuruka. Ukijumlisha, jozi moja inahitaji karibu miezi minne ya kinamasi chenye maji na utulivu. Hiyo miezi minne ndiyo inayokosekana hapa kwetu.

Maji yakishuka, kiota kilichokuwa kisiwa hufikiwa kwa miguu. Ng'ombe huingia wakifuata majani mabichi, mbwa huwafuata ng'ombe, na watoto huwafuata mbwa. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini korongo akishtuliwa mara kwa mara huyaacha mayai yake. Ndiyo maana siwezi kuzungumzia ndege bila kuvizungumzia vijito vinavyoteremka kutoka milima ya Nyandarua na ukingo wa Satima. Ziwa letu halina kina kirefu, na kila pampu inayowekwa kijitoni wakati wa kiangazi, pamoja na kila safu ya mikaratusi inayopandwa kwenye chemchemi, huonekana mapema katika usawa wa maji. Madhara hayaishii kwetu. Maji yanayotoka hapa ndiyo mto Ewaso Narok, yaporomokayo katika Maporomoko ya Thomson pale Nyahururu kisha yakaungana na Ewaso Ng'iro kuelekea nyanda kame za kaskazini, ambako wafugaji huyasubiri.

Mwaka 2018 serikali ililitangaza ziwa hili kuwa ardhi oevu inayolindwa. Tulilishangilia tangazo hilo, na tulikuwa na haki, ila halizuii jembe linaloingia ukingoni msimu hadi msimu. Waliovilinda viota, katika sehemu chache tulizofanikiwa mwaka huu, ni wachungaji wenyewe. Walipoonyeshwa kiota kwa mbali na kuelezwa idadi ya siku zilizobaki, waliyageuza malisho yao upande wa pili bila kudai chochote. Nawashukuru kwa dhati. Kwa maoni yangu, kazi yao imezidi mikutano yote niliyoiongoza.

Kuhusu wakulima, napenda tuwe wakweli. Korongo hufukua mahindi na ngano zinapoanza kuchipua, na mwenye shamba dogo anayepoteza mistari kadhaa ana haki ya kulalamika. Sumu, hata hivyo, huua kundi zima pamoja na ndege wengine ambao hawakugusa mbegu. Uharibifu huo hutokea zaidi katika kipindi kifupi baada ya kupanda, na kamati inaona ni afadhali chama kiwalipe vijana walinde mashamba katika kipindi hicho kuliko kuendelea kuchapisha mabango.

Nimesikitishwa pia na kinda aliyeletwa nyumbani na jamaa mmoja kwa nia ya kumwokoa. Kinda anapohisi hatari hulala chini kimya, na wazazi huwa karibu, hajaachwa. Hata akikua salama kibandani, hajifunzi kuishi kinamasini. Wenzetu wa Rwanda walilikabili tatizo hili. Kuanzia mwaka 2014 korongo waliokuwa wakifugwa majumbani na hotelini walikusanywa, wenye afya wakarudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera, na walemavu wakapewa makao Kigali. Hesabu ya nchi nzima mwaka 2017 ilipata korongo 487, na miaka michache baadaye wakavuka 1,000. Naamini mafanikio hayo yalitokana na kwenda nyumba kwa nyumba kwa upole, bila kuwaaibisha watu.

Kwa mwaka ujao, kamati inaomba idhini yenu kwa mambo yafuatayo. Kwanza, siku ya kuhesabu, kila kikundi kiandike wazima na wachanga kando kando. Wachanga hutambulika kwa utosi wa kahawia na mashavu yasiyo na weupe wa wakubwa wao. Pili, tuingie makubaliano na wachungaji na wenye mashamba ya ukingoni kuhusu kila kiota kitakachopatikana, mpaka makinda waruke. Tatu, mikaratusi iliyo kwenye vijito ibadilishwe polepole kwa miti ya asili, lakini isikatwe ile ambayo korongo hulala juu yake mpaka miti mipya ikue. Tofauti na jamaa zao wengine duniani, korongo taji wana kidole kirefu cha nyuma kinachowawezesha kushika tawi, nao hawatakuwa na mahali pengine pa kulala tukiikata yote kwa pupa.

Jambo hilo la tatu liliigawa kamati, na nimeona ni vyema liamuliwe nanyi. Naomba lipigiwe kura ya peke yake, baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti