Nimeuacha Ule Unga

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
15 Juni 2025

Shoga yangu Mama Jamila,

Salamu aleikum. Natumaini hujambo, na Jamila na wadogo zake hawajambo. Huku tuwazima, Idi tumeila salama, mbuzi tulichangiana na jirani. Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi na kondakta wa basi, kama enzi zile tuko bwenini. Simu imenishinda. Kila nikiandika ujumbe naufuta, maana ukipanda juu kidogo unakuta ujumbe wangu wa mwisho kwako, na ule nilikuwa nakudai.

Nimeuacha ule unga wa kupunguza mwili. Tangu Novemba mwaka jana sijaugusa. Nimetaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuingiza.

Nianze na lililonikaa kooni. Ile picha yangu ya "kabla na baada", iliyokufanya ukubali kuchukua makopo mawili kwa mkopo, kupungua nilikuwa nimepungua kweli, kilo saba kwa wiki tano. Ila ndani ya lile gauni la kijani nilikuwa nimevaa mkanda wa kubana tumbo, nimeuazima kwa dada wa saluni. Kocha wa kundi letu la unga ndiye aliyeniambia, "Vaa tu, wote wanavaa." Siku mbili niliona haya. Ya tatu nikakutumia.

Unakumbuka hesabu yake ilivyokuwa. Glasi asubuhi, glasi jioni, mchana chakula kimoja kwenye sahani ya mtoto. Kopo shilingi 150,000, na wiki mbili halifiki. Ukiingiza watu chini yako, lako linashuka bei. Kwa hiyo nilipofika watu sita, wewe ukiwa wa nne, nilikuwa nalipia unga wangu kwa mifuko ya rafiki zangu, na bado naenda kwenye vile vikao vya Jumamosi kupiga makofi. Wewe uliacha wiki ya pili. Ulinipigia ukaniambia, "Huu unga wako unanifanya niwachukie wanangu wakiwa wanakula." Nikakujibu kwamba huna nidhamu. Jibu lenyewe nalo halikuwa langu, tulikuwa tunafundishwa la kumwambia anayetaka kutoka.

Yaliyonifika baadaye hukuyajua. Nilikwenda Korogwe kwenye arobaini ya babu, na kichupa changu kwenye mkoba. Pilau ilipopakuliwa nikajificha nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, natikisa unga. Shangazi yangu mkubwa akanifuma. Akanitazama, akatazama kichupa, akasema, "Mwanangu, unaumwa au umekuja kututenga?" Sikuwa na la kumjibu. Nilirudi mkekani nikala, nikala sana, na nikaendelea kula hivyo mwezi mzima. Kilo saba zikarudi, wala sikumwambia kocha. Kwenye kundi nilikuwa bado natuma picha ya gauni la kijani.

Nikaanza upya, safari hii kwa hasira. Mchana nao nikauruka. Siku ya tisa kizunguzungu kikanishika ndani ya daladala pale Buguruni, kijana mmoja akaniachia kiti. Kesho yake nikaenda zahanati ninakochukulia dawa za presha. Kumbe anayekunywa dawa za presha hatakiwi kujinyima kiasi kile bila kumwambia daktari, kwa sababu presha inaweza kushuka kupita kiasi. Kwenye vikao vyote vile hakuna aliyeniuliza kama natumia dawa. Na mimi sikukuuliza wewe.

Muuguzi wa pale ni mama wa makamo, mwenyewe mnene kuliko mimi, na labda ndiyo maana nilimsikiliza. Akanieleza kitu ambacho kingeniokolea pesa nyingi. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukijinyima ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Kwa hiyo zile kilo za wiki ya kwanza tulizokuwa tunazipigia vigelegele, sehemu kubwa ni maji. Ukila vizuri siku mbili yamerudi. Nilicheka mpaka akadhani nalia.

Sasa utaniuliza nafanya nini. Nakula kwenye sufuria moja na wanangu, basi. Kilichobadilika ni mkono wangu jikoni. Unajua nilivyokuwa napika mchicha: namimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu, kwa macho. Siku moja nikaamua kuyapima kwa kijiko kikubwa kabla ya kuyatia. Vijiko kumi! Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, kwa hiyo ule mchicha tuliokuwa tunajisifia kuwa ni mboga za majani ulikuwa umebeba 1,200 za mafuta peke yake, tunagawana watu watano. Siku hizi natia vijiko vitatu, nazidisha kitunguu na nyanya. Mume wangu alinuna wiki nzima, halafu akasahau. Kisamvu cha nazi sijakigusa, kinabaki vilevile. Kuna mambo siwezi.

Chai ndiyo iliyoniuma. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu vya sukari, na soda moja dukani mchana, ambayo chupa yake ya mililita 300 ina sukari ya vijiko karibu vinane. Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza kubaki chini ya vijiko kama sita kwa siku ndiyo bora zaidi. Mimi nilikuwa nakunywa 17, na juu yake nanunua unga wa kupunguza mwili. Sukari nimeipunguza nusu kijiko kila wiki, sikuikata siku moja. Sasa natumia nusu kijiko kwa kikombe, na chai ya tangawizi naiona tamu. Hutaniamini, lakini utakuja utaionja.

Jioni nashuka Tabata Relini, natembea hadi nyumbani. Kama dakika 35, na viatu vya kazini vimo kwenye mfuko. Muuguzi alitaka dakika 150 kwa wiki, nami siku tano nazipata na ziada, mvua isiponishinda. Wale vijana wa bodaboda wa kituoni walikuwa wananiita "mama panda", sasa wananisalimia tu.

Matokeo nikwambie bila mkanda. Novemba nilikuwa na kilo 93. Leo asubuhi 87 na nusu. Miezi saba! Kwenye kundi letu wangeninyima hata kiemoji. Aprili mizani haikusogea, na Ramadhani niliongeza kilo nzima. Mihogo ya nazi na tambi kila magharibi, mwenyewe unajua. Mei ikatoka bila kelele. Siku hizi napima mara moja kwa mwezi pale zahanati, ya nyumbani nimempa mdogo wangu anapimia mzigo wa nguo. Anayenipa moyo zaidi ni fundi wangu. Wiki ya kabla ya Idi alinizungushia futi kamba kiunoni, akasoma, akasoma tena, akaniuliza kama kile kitambaa nilichonunua bado nakitaka chote. Presha imetulia, dawa naendelea nazo.

Sikuandikii ili nikuingize kwenye kitu kingine. Hakuna pa kujiunga. Kama mwili wako umeuzoea na unaridhika nao, hewala, hata nisingeuliza.

Nakuandikia kwa ajili ya pesa. Ulinilipa kopo la kwanza lote kwa kujibana, ukauza na zile kuku zako, nilisikia kwa dada yako. Deni la kopo la pili lilifutika tangu siku nilipokufokea, usilihesabu. Ndani ya bahasha hii kuna 75,000, nusu ya ulizonilipa. Nusu nyingine nakutumia mwisho wa Julai nikipokea mchezo wetu. Wale wengine watano nao nawafuata mmoja mmoja, wawili nimeshamalizana nao, mmoja hapokei simu yangu. Namwelewa.

Makopo matupu ninayo kumi na moja jikoni. Yana vifuniko vizuri, naweka maharage na choroko. Nikija Morogoro nitakuletea mawili, kama utanifungulia mlango.

Nisalimie Baba Jamila. Ila yale ya gauni la kijani usimwambie.

Ni mimi shoga yako,
Mama Abuu