“Mwalimu, mwanao anasoma wapi?”

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Ninakuandikia saa tisa usiku, kwa kuwa usingizi umenipaa tangu kikao cha wazazi cha Ijumaa. Huu ni mwaka wangu wa 14 nikifundisha shule ya msingi ya serikali, na binti yangu yuko darasa la nne katika shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Nilipokuwa nikiwahimiza wazazi wachangie uji wa watoto, mama mmoja anayeuza mchicha, ambaye mwanawe ninamfundisha mimi mwenyewe, alisimama akaniuliza kwa upole kabisa: “Mwalimu, mwanao anasoma wapi?” Nilijifanya ninatafuta karatasi.

Sidharau kazi yangu, Shangazi. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto walifurika, jambo lililonifurahisha na linalonifurahisha hadi leo, lakini darasa langu la pili lina watoto 118 ilhali mwongozo unataka 45, na sijui ni mwalimu gani awezaye kusahihisha madaftari 118 kwa siku akatambua ni nani asiyejua kusoma. Tena sisi hufundisha kwa Kiswahili hadi mwisho wa shule ya msingi, kisha mtoto akifika kidato cha kwanza anaikuta baiolojia kwa Kiingereza. Nimewaona wanafunzi wangu hodari wakigeuka mabubu huko. Kumwepusha binti yangu na hilo ni kosa? Walimu wenzangu wamefanya vivyo hivyo, ila wao hawakuulizwa mbele ya watu.

Angenitukana ningepata la kumjibu. Aliuliza kwa upole.

Mume wangu anasema nina kiburi. Makato ya mkopo wa SACCOS (chama cha akiba na mikopo) tuliolipia ada yanameza mshahara wangu, na Januari mdogo wake binti yangu anaanza darasa la kwanza. Mume wangu anataka wote wawili waje shuleni kwangu. Mimi naona heri nikope tena, ingawa jana nilimwambia binti kwamba mwakani tutaongozana kwenda shule, akalia, nikasema nilikuwa ninatania. Mara nyingine nawaza nimpeleke huyu mdogo peke yake shuleni kwangu, ili nikiulizwa tena niwe na jibu, halafu naona haya kumfanya mtoto kuwa jibu langu.

Naomba unishauri nimwandikishe wapi. Na yule mama, ambaye Jumatatu nitamkuta getini akimleta mwanawe, nimwambie nini?

Mwalimu, Morogoro